Siga dukani kwenye joto la Pwani: kuanzia sanduku linapofika hadi linapouzwa

Anayeanza kazi kwenye duka la siga Dar es Salaam au Mombasa hudhani atafundishwa kuuza. Atafundishwa kwanza kupima hewa. Siga ni majani ya tumbaku matupu: ya ndani, la kufungia na la kuvisha juu. Hunywa unyevu wa hewa na kuutema bila kukuuliza. Tunataka kabati la kuhifadhia siga libaki kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21.

Hatua ya 1: Kijaribu kipima unyevu

Usikiamini eti kwa kuwa ni kipya. Jaza chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji kidogo mpaka ilowe bila kuyeyuka yote. Weka kifuniko na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa, ufunge, uache usiku kucha au zaidi. Chumvi iliyolowa namna hiyo huishika hewa ya kopo kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 71, kila siku utaongeza 4. Andika tofauti hiyo kwenye plasta, uibandike nyuma ya kipimo, mwenzako wa zamu asije akabahatisha.

Hatua ya 2: Kagua sanduku

Kwa siga za Kuba, geuza sanduku. Chini pamechomwa chapa: Habanos s.a., Hecho en Cuba, Totalmente a mano. Pia pana msimbo wa kiwanda na mwezi kwa Kihispania: ENE ni Januari, AGO ni Agosti. Sanduku lenye mfuniko wa kioo ni feki, hata mletaji aape kwa mizimu ya kwao.

Kisha tazama siga moja moja. Tundu dogo la mviringo, kama la sindano, na vumbi la tumbaku chini yake ni kazi ya mdudu anayeitwa Lasioderma serricorne.

Hatua ya 3: Gandisha

Hapa ndipo Pwani inapotofautiana na London. Mayai ya mdudu huyo huweza kujificha ndani ya jani na kuanguliwa joto likipanda, na kwetu umeme ukikatika siku mbili tatu mwezi wa Februari, joto halina pa kwenda. Wazalishaji wakubwa hugandisha kabla ya kusafirisha, lakini hujui sanduku limekaa juani bandarini kwa muda gani.

Lifunge kwenye mifuko miwili, toa hewa. Siku moja kwenye friji, siku tatu kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha lirudi friji siku nyingine. Ndipo ulitoe, likiwa bado mfukoni, lizoee joto la chumba. Ukiruka friji, jani la juu linapasuka. Na friza yenye changu na kamba haifai kabisa. Tumbaku hubeba kila harufu.

Hatua ya 4: Panga kabatini

Mbao za ndani kwa kawaida ni Cedrela odorata, mti wa Amerika wa ukoo mmoja na mkangazi. Zifute kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, kamwe si ya bomba. Kuhusu pakiti za kudhibiti unyevu, mimi huchagua za 65. Siga iliyokaa kwenye unyevu wa 70 kwenye joto letu huvutika kwa shida, huzimika ovyo, na ukungu hauko mbali.

Hatua ya 5: Mhudumie mteja

Usimuulize anataka siga kali au laini. Muulize, “Bosi, una muda gani?” Siga ya umbo la robusto, urefu wa inchi 5 na unene wa karibu milimita 20, huchukua kama saa nzima. Mwenye dakika ishirini mpe fupi.

Kata kofia tu, yaani kipande cha jani kinachofunika ncha ya kuvutia, kama milimita 2. Ukipita mstari wake, jani litafumuka mkononi mwake. Washa kwa kiberiti cha gesi, kwani cha petroli huacha ladha. Aliye chini ya miaka 18 humuuzii. Na mteja akidai siga haina madhara kwa sababu moshi haumezwi, usimkubalie ili umuuzie: saratani ya kinywa haingoji moshi ufike mapafuni.