Kuwinda koyote kigiza kikiingia kwa bunduki ndogo ya .22

Watu wengi wakisikia koyote, yule mnyama wa jamii ya mbwa wa Amerika Kaskazini, wanawaza bunduki kubwa, ila hii ndogo ya rimufaya, ile ambayo baruti ya kuwashia iko kwenye ukingo wa ganda, inatosha kabisa mradi mnyama awe karibu. Koyote mkubwa anafika hata kilo 20 na .22 LR, aina ya kawaida ya risasi hizi, ikitoka mtutuni ina nguvu ya kama jouli 190 tu, kwa hiyo ukiniuliza mimi usizidi mita 50. .22 WMR, ile yenye ganda refu zaidi, ina nguvu kama mara mbili hivi, hiyo unaweza kwenda hadi mita 90. .17 HMR, ile nyembamba zaidi, ina kasi balaa lakini kirisasi chake ni kepesi mno, upepo unakisukuma na kinapasuka mapema, mimi siipendi kwa mnyama huyu.

Kwanza cheki sheria, maana huko Marekani kila jimbo lina yake, kuna wanaoruhusu usiku, kuna wanaokataza taa.

Sasa kazi yenyewe ni kumleta. Koyote akisikia mlio wa sungura anayeumia haji moja kwa moja, anazunguka kwanza akae pale upepo unapoelekea anuse, na akikunusa wewe basi imeisha hiyo. Kaa upepo ukupige shavuni, tuseme unatoka kushoto, halafu spika inayotoa huo mlio iweke mbele kushoto kama mita 30, akianza kuzunguka atakatiza mbele yako kabla hajaipata harufu yako. Fika mapema, macho yanataka kama nusu saa kuzoea giza, na simu iache mfukoni jamani.

Skopu, yaani darubini ya bunduki, usiivute sana. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji: lenzi ya milimita 40 kwenye ukuzaji wa mara 10 inakupa mwanga wa upana wa milimita 4 tu, ukishusha hadi 5 unapata 8, na mboni gizani inafunguka kama 7 hivi. Msalaba wa kulengea ndani ya skopu ukiwa na taa, ishushe mpaka karibu isionekane.

Kutafuta tumia taa nyekundu ya kichwani, iinue juu kidogo ili ukingo wa mwanga tu ndio umguse. Usitafute kwa skopu ya bunduki!! unakuwa unaelekezea mtutu vitu usivyovijua. Na macho yanayong'aa hayatoshi, mbwa wa watu anang'aa, ndama pia, subiri uone mwili mzima. Nyuma yake pawe na mlima au tuta, kwa sababu hako karisasi kadogo kanaweza kwenda kilomita 2 na kanadunda vibaya kwenye mawe.

Akiwa bado anatembea bweka kidogo kwa mdomo, atasimama sekunde chache. Subiri akupe ubavu, lenga nyuma tu ya bega, piga, na hapohapo ingiza risasi nyingine huku taa ikibaki palepale alipokuwa, ukiisogeza utatafuta damu mpaka asubuhi.