Mpira wa kulishia: kuuchagua na kuishi nao nyumbani

Swali la kwanza la kumuuliza daktari ni moja: mgonjwa atalishwa kwa mpira kwa muda gani? Ikiwa ni wiki 4 hadi 6, mpira wa puani, unaopitia puani hadi tumboni, unatosha. Unawekwa kitandani bila upasuaji na kutolewa vilevile. Zaidi ya hapo pua na koo huanza kuchubuka, na mpira hutoka hovyo, kwa hiyo heri wa tumboni, unaoingia kwa tundu kwenye ngozi ya tumbo na kuwekwa kwa kifaa chenye kamera au kwa upasuaji mdogo. Mwenye saratani ya umio asingoje: uvimbe ukishaziba njia, mpira wa puani unaweza kukataa kupita, na aliyekwisha konda huhimili upasuaji kwa shida.

Swali la pili ni la nyumbani: nani atalisha? Milo 5 ya nusu saa ni saa mbili na nusu kila siku, bila kuhesabu kupika na kuosha vyombo. Na umbali nao: Kondoa au Mpwapwa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 100, na mpira wa puani hupenda kutoka usiku. Ulizeni mapema ni kituo gani cha karibu kinaweza kuurudisha. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu na kufikia hatua ya mwisho, mpira haujaonekana kurefusha maisha. Kumlisha taratibu kwa kijiko, kiasi anachotaka, si kumtelekeza.

Kabla ya kila mlo, mwinue mgonjwa kifua na kichwa kwa mito, nyuzi 30 hadi 45, na abaki hivyo saa nzima baada ya kula. Angalia alama ya sentimita pale mpira unapoingia puani. Ikiwa imehama, usilishe. Vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano uyapime kwa karatasi ya asidi: pH (kipimo cha asidi) 5.5 au chini yake ni dalili nzuri kwamba mpira uko tumboni. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo hakuaminiki, hata kama wengi bado hufanya hivyo. Mpira ulio kwenye pafu nao hutoa mlio.

Sasa tia maji safi mililita 30. Chomoa kisukumio cha bomba la mililita 60, liinue kama sentimita 30 juu ya tumbo, mimina chakula, kishuke chenyewe. Kikikimbia, shusha mkono. Ongeza kabla bomba halijaisha ili hewa isiingie. Mililita 250 zichukue dakika 20 hadi 30, kisha maji mililita 30 tena. Akikohoa au kupumua kwa shida, simamisha hapohapo. Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula aanze na kiasi kidogo, chini ya usimamizi wa daktari.

Kwenye uji ndipo watu wengi hukosea. Uji mzito huziba mpira, basi huongezwa maji, na mgonjwa anashiba maji huku anakonda. Dawa yake ni kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa. Pika vijiko vikubwa 6 vya unga wa uwele au ulezi kwa maji nusu lita. Ukipoa hadi kunyweka, tia kijiko kikubwa 1 cha unga wa kimea cha ulezi au uwele, ukoroge. Ndani ya dakika kumi hivi, uji uliokuwa unang'ang'ania mwiko unatiririka. (Kimea cha mtama kiache: chipukizi zake huwa na sumu ya sianidi.) Ongeza maziwa nusu lita, mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 3 na sukari 2, chemsha tena dakika 5. Hapo kuna kilokalori zipatazo 1,000. Mtu wa kilo 50 anahitaji 1,250 hadi 1,500 kwa siku. Protini bado ni ndogo, kwa hiyo saga kwa blenda mayai 2 ya kuchemsha uchanganye. Chuja mara mbili. Mwenye kisukari au figo apangiwe na mtaalamu wa lishe.

Umeme ukikatika usitegemee chupa ya chai kuhifadhi uji: uji ukifika vuguvugu, vijidudu hustawi. Uliokaa nje saa 2, mwaga. Kuhara kwingi hutokana na hilo, au na kulisha haraka.

Dawa zisagwe moja moja, kila moja na maji yake, zisichanganywe na uji. Vidonge vya kutoa dawa polepole havisagwi. Omba dawa ya maji. Mpira ukiziba, sukuma na vuta kwa upole maji ya vuguvugu kwa bomba la mililita 60, usubiri dakika 20, urudie. Bomba dogo lina shinikizo kali, linaweza kupasua mpira. Soda nayo isitumike, asidi yake hugandisha maziwa.

Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku hata kama mgonjwa hali kwa mdomo.

Tundu la tumboni lioshwe kila siku kwa maji na sabuni, likaushwe. Wekundu unaoenea, usaha au homa ni safari ya hospitali. Mpira wa tumboni ukitoka, funika tundu kwa kitambaa safi uende mara moja, kwa sababu linaanza kufunga ndani ya saa chache. Mpira ukiwa haujatimiza wiki 4 tangu uwekwe, usijaribu kuurudisha mwenyewe: unaweza kuingia nje ya tumbo la chakula.