Kumpandisha abiria kiti cha nyuma kwenye gari fupi la milango miwili

Ndugu wanachama, somo hili nimelipata kwa mama yangu mzazi. Mwaka juzi, masika yakiwa yamekolea, nilimfuata nyumbani Kibosho ili nimpeleke kliniki mjini Moshi, na kwa kuwa kiti cha mbele tulikuwa tumemwekea shemeji yangu aliyekuwa mjamzito, mama alikubali kukaa nyuma. Nilikunja kiti, nikashikilia mlango, nikamwambia, "Pita tu, mama," nikiamini kwamba nimetimiza wajibu wangu wote. Mguu wake ulinasa kwenye mkanda wa kiti cha mbele, ambao ulikuwa unaning'inia katikati ya njia, akaangukia goti juu ya kizingiti cha mlango. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini goti lilivimba kwa wiki mbili. Tangu hapo nimeamini kwamba katika magari haya dereva ndiye mpandishaji, na kwamba kazi yake huanza kabla abiria hajaufikia mlango.

Nazungumzia Suzuki Jimny, Escudo fupi zilizoanza kutoka mwaka 1988, RAV4 fupi za kuanzia 1994, pamoja na Pajero na Land Cruiser fupi. Karatasi za Japani huyaandika magari haya kuwa ya milango mitatu kwa sababu zinahesabu na ule wa mizigo, lakini abiria wa nyuma hupita kwenye miwili tu, tena nyuma ya kiti cha mtu mwingine. Tunayapenda kwa kuwa ni mafupi na yapo juu, yanapanda Uru na Machame hata barabara ikiwa tope tupu. Urefu huohuo kutoka ardhini ndio unaomtesa mzee anapotaka kuingia.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali pa kusimama. Barabara nyingi za huku mlimani zina mtaro pembeni, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, mlango wa abiria hufungukia upande wa mtaro huo. Dereva akisimama bila kuangalia, abiria hujikuta hana ardhi ya kukanyaga, au anapanda kutoka shimoni na kizingiti kinamfika karibu na kiuno. Sogea mbele hadi penye tambarare, hata kama abiria atatembea hatua kumi zaidi. Mahali palipo na mteremko tu, mimi huona ni afadhali gari litazame chini kuliko kutazama juu, kwa sababu likitazama juu mlango hujifunga wenyewe kwa uzito wake na kiti kilichosogezwa mbele hurudi nyuma na kumpiga abiria kwenye muundi. Likitazama chini, kiti hukaa mbele kwa utulivu, ila mlango lazima ushikiliwe kwa sababu hufunguka kwa nguvu. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka gia ya nyuma ikiwa umetazama chini au gia namba moja ikiwa umetazama juu, kisha weka jiwe kwenye tairi. Gari la gia otomatiki liache kwenye P.

Hatua ya pili ni kufungua njia, na hapa ndipo ninapotaka tusimame kwa muda. Kwa kuwa mlango wa gari fupi ni mrefu, nguzo inayobeba mkanda wa mbele ipo nyuma zaidi ya ilivyo kwenye gari la milango minne, kwa hiyo mkanda hukatiza njia ileile anayopita abiria wa nyuma. Baadhi ya viti vina kishikio kidogo begani kinachoshika mkanda. Utoe mkanda humo kabla ya kukunja kiti, uuache urudi wote kwenye nguzo, na kama haurudi vizuri, msaidizi aushike kwa mkono hadi mtu apite. Usimwambie abiria auruke. Mtu aliyeinama hatazami miguu yake, anatazama mahali kichwa kinapokwenda, hivyo hata ukimwonya mara tatu bado hatauona. Baada ya mkanda, toa mkoba, mwavuli na chupa za maji sakafuni, vuta leva ya kiti, kunja egemeo, kisha sukuma kiti chote mbele hadi mwisho wa reli zake. Wengi hukunja egemeo tu wakaridhika, ilhali nafasi kubwa hupatikana kwa kukisukuma kiti chenyewe.

Hatua ya tatu ni kupanga nani aingie lini. Makondakta wa daladala wanalijua hili kuliko sisi: anayeshuka karibu hakai ndani. Anayekwenda mbali aingie kwanza na akae nyuma ya dereva, anayeshuka mapema akae nyuma ya kiti cha abiria, na wa mbele apande mwisho. Desturi yetu ni kumpa mzee kiti cha mbele, nami naiheshimu, lakini mjulishe mapema kwamba kila mtu wa nyuma akishuka itabidi naye ashuke kwanza. Ikiwa mtashusha watu watatu kabla ya kufika, kumkalisha mbele si heshima tena, ni kumchosha.

Hatua ya nne ni mwili wa abiria wenyewe. Anayeingia kwa mlango wa kushoto aelekee mbele ya gari, bega lake la kulia likiwa upande wa gari, kisha atangulize mguu wa kulia. Akitanguliza wa kushoto ataingia akiwa ametazama nyuma na itambidi ajizungushe pale palipobana, na kichwa kitagonga paa. Mguu wa kulia ukishakaa sakafuni, ainamishe kichwa, apeleke makalio kitini, akae, ndipo auvute mguu wa kushoto. Anayekwenda hadi nyuma ya dereva aingize miguu yote miwili kwanza, kisha asogee kwa makalio juu ya kiti badala ya kutembea akiwa ameinama. Kwa mlango wa kulia mambo hugeuka: mguu wa kushoto ndio unaotangulia.

Mikono nayo iangaliwe. Abiria asishike kiti cha mbele kilichokunjwa, kwa kuwa kipo kwenye reli na kinaweza kuteleza pamoja naye. Nguzo ya mlango anaweza kuishika akiwa anapanda, lakini vidole viondoke pale kabla mlango haujafungwa, kwa maana kitasa hujifungia kwenye nguzo hiyohiyo. Mimi husema kwa sauti, "Mikono!" na sifungi hadi nimeiona yote mapajani.

Kwa wazee na watoto ninabeba kigoda kipana cha mbao, chenye urefu wa takriban nusu ya kimo cha kizingiti. Kiwekwe juu ya ardhi ngumu na mtu akishikilie. Wakati wa tope mimi hutandika kipande cha gunia la kahawa juu ya kizingiti, kwa sababu bati lililolowa pamoja na udongo wetu mwekundu huteleza kama sabuni, na gunia la katani halitelezi. Hiki ni kitu kidogo, lakini tangu nianze kukitumia mama hajateleza tena.

Mwisho, rudisha kiti nyuma polepole huku ukiuliza kama miguu iko salama, inua egemeo hadi usikie mlio wa kujifunga, kisha kitikise kiti mbele na nyuma kwa mikono miwili. Kiti ambacho hakijashika kwenye reli zake kitaondoka na mtu aliyekikalia pale utakapofunga breki.

Kushuka ni kinyume cha kupanda, isipokuwa kwa mzee ni afadhali asitoke akiwa ametazama nje. Ajigeuze akiwa bado ndani, atazame kiti kama anayeshuka ngazi, ashike kiti cha nyuma kwa mikono miwili, na wewe uuongoze mguu wake hadi kwenye kigoda.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Uru: Shikamoo kaka. Bibi yangu anaumwa goti la kulia, na kila akipanda kwa mlango wa kushoto analia. Nifanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza. Kwa mlango wa kushoto mguu wa kulia ndio unaobeba mwili wakati wa kupanda, kwa hiyo bibi anapandia goti bovu. Kama kiti cha dereva kwenye gari lako nacho kinakunjika na kusogea, mpandishe kwa mlango wa kulia, ambako mguu wa kushoto hutangulia, na wakati wa kushuka kwa mlango huohuo mguu wa kulia ndio utakaotangulia chini, kama inavyotakiwa. Kwa kifupi, goti bovu la kulia litumie mlango wa kulia, na la kushoto mlango wa kushoto. Fanya hivyo ndani ya uzio au uwanjani tu, kamwe si kandokando ya barabara ambako magari yanapita upande huo. Kama kiti cha dereva hakikunjiki, bibi akae mbele na wengine wampishe.

Mwanachama wa Njiro, Arusha: Kiti changu cha mbele kikisharudi hakikai pale kilipokuwa, na mke wangu analalamika kila siku.

Baadhi ya viti hukumbuka mahali pake na vingine havikumbuki, na vingine vilikuwa vinakumbuka kabla vumbi halijajaa relini. Safisha reli kwa brashi na upake grisi kidogo kwanza. Kama bado, hesabu milio ya reli kutoka mwisho wa mbele hadi pale mkeo anapopapenda. Au weka alama ya rangi kwenye reli, halafu wewe ndiye ukirudishe kiti, usimwachie yeye.

Mwanachama wa Soweto, Moshi: Je, watatu wanaweza kukaa nyuma ya Jimny fupi kama ni wembamba?

Hapana. Gari hilo ni la watu wanne pamoja na dereva, na nyuma kuna mikanda miwili. Wa tatu hana mkanda, na zaidi ya hapo anawazuia wenzake kutoka.

Dada wa Pasua: Jumapili tunavaa vitenge vya kubana, na hatua ndefu ya kutanguliza mguu haiwezekani kabisa bila kupandisha nguo mbele za watu.

Dada, ni kweli, na wanaume hatulifikirii hilo. Tumia kigoda ili hatua iwe fupi, kisha ukishasimama juu yake ligeuzie gari mgongo, mtu akushike mkono, ukae kwenye ukingo wa kiti cha nyuma na kuingiza miguu yote miwili kwa pamoja huku umebana magoti. Njia hii inafaa pale ambapo kiti cha mbele kinasogea mbele sana. Kwenye magari ambayo ukingo wa kiti cha nyuma umejificha nyuma ya nguzo haifai, na hapo ni bora dada akae mbele.

Mwanachama wa Marangu: Nina Land Rover Defender 90 ya zamani yenye mabenchi ya pembeni. Je, hatua hizi zinanihusu?

Kidogo tu. Kwako abiria huingia kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo hakuna kiti cha kukunja wala mkanda wa kunasa mguu. Jihadhari na kichwa kwenye fremu ya juu ya mlango, na anayeingia kwanza asogee hadi nyuma ya viti vya mbele. Na usifungue mlango ule kabla ya kuangalia ni gari gani limesimama nyuma yako.

Mama wa Tengeru: Mimi hukaa nyuma na wajukuu wakati mwanangu anaendesha. Akipatwa na jambo, sisi tutatokaje?

Shikamoo mama. Swali hili ndilo ningeomba kila dereva alijibu leo jioni akiwa nyumbani. Kaa kwenye kiti chako cha nyuma, mwanao akuonyeshe leva ya kukunja kiti cha mbele ilipo, kisha uitafute wewe mwenyewe kwa mkono huku umefumba macho, ukunje kiti, ukisukume, na ufikie kitasa cha mlango. Mjukuu mkubwa naye afanye hivyohivyo. Jaribuni pia kama mlango wa mizigo unafunguka kutoka ndani, kwa sababu magari hutofautiana. Kama leva ipo chini pembeni na mkono wako haufiki ukiwa umekaa, muulize fundi kama anaweza kufunga utepe imara kwenye leva hiyo na kuuleta nyuma, mahali ambapo mkono wako utafika bila kuinama.