Kabla ya kuipeleka familia nzima Haller Park: mambo ya kuzingatia

Matembezi ya vizazi vitatu au vinne kwenye Haller Park, hifadhi ya wanyama pale Bamburi, Mombasa, mara nyingi huharibikia nyumbani, kabla ya mtu yeyote kumwona twiga. Huharibika kwa sababu mpango umefuata hamu ya vijana. Mpango unaofaa hufuata watu wawili tu: mzee mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote, na mtoto mdogo kuliko wote. Wengine wanaweza kungoja, kuchelewa kula, kusimama juani kidogo. Hao wawili hawawezi, na wakishachoka, siku imekwisha kwa kila mtu.

Anzeni na saa za kulisha wanyama, kwa sababu ndizo zinazoamua mambo mengine yote. Kwa desturi twiga hulishwa mara mbili, saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na viboko hupewa chakula mnamo saa kumi jioni. Ratiba hubadilika, kwa hiyo mtu mmoja apige simu siku moja kabla na kuuliza. Kisha chagueni zamu moja. Ya asubuhi ni hivi: kutoka nyumbani saa mbili, kuingia mnamo saa tatu na nusu, kutazama samaki na kobe pole pole, twiga saa tano, chakula saa sita, na kuondoka kabla ya saa nane. Ya alasiri ni kuingia saa nane baada ya watoto kulala kidogo nyumbani, twiga saa tisa, viboko saa kumi, kisha kutoka. Kuunganisha zamu zote mbili ni saa saba za kusimama na kutembea, na mtu wa miaka sabini na tano hafai kutiwa katika hilo. Ikiwa kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu au nyanya anayeumwa na magoti, asubuhi ni bora. Ikiwa watoto wote wanasoma na wanachotaka hasa ni viboko, nendeni alasiri. Msiongeze Mamba Village ya Nyali siku hiyo hiyo. Mamba wastahili siku yao.

Majira nayo yana neno. Kuanzia Disemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto ni kali na ndani ya miti hewa hutulia. Aprili na Mei ni masika, njia huwa tope. Juni hadi Septemba, kusi ikivuma, ndiyo miezi myepesi kwa wazee. Agosti ina likizo za shule, basi siku ya kati ya wiki hupunguza msongamano kwenye jukwaa la twiga.

Kuhusu pesa, jueni mapema kwamba kiingilio hutofautiana kwa raia, wakaazi na wageni kutoka nje. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake halisi, si picha kwenye simu. Ndugu waliokuja likizo kutoka Uarabuni au Uingereza wabebe kitambulisho cha Kenya ikiwa wanacho, kwa maana pasipoti ya nje pekee huenda ikawatia kwenye bei ya juu. Mtu mmoja alipie wote kwa M-Pesa, na awe na noti ndogo kidogo kwa ajili ya chakula cha twiga na matumizi ya njiani. Familia ikilipa kila mtu kivyake, nyanya atasimama getini robo saa bila sababu.

Usafiri una mtego mmoja ambao wengi hawaufikirii. Matatu za kutoka mjini kwenda Mtwapa hupita Bamburi, na hifadhi iko upande wa bara wa barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Ukienda unashuka upande ule ule wa geti, bila kuvuka. Ukirudi ni lazima uvuke barabara yenye malori na bodaboda, nanyi mmechoka, mna watoto na mzee mwenye mkongojo. Kwa sababu hiyo, familia ya watu kumi hadi kumi na wanne ifikirie kukodi matatu nzima ya viti 14 kwa kwenda na kurudi, na makubaliano ya bei na saa ya kurudi yafanywe kabla, na dereva aingie hadi karibu na geti. Wasioweza wachukue tuktuk kwa safari ya kurudi, nayo igeukie upande wa geti. Wanaotoka Likoni waongeze saa nzima kwa ajili ya feri, na wazee wawekwe mahali pa kukaa kabla umati haujaanza kushuka.

Sasa ardhi yenyewe, maana hapa ndipo viatu na magurudumu huamuliwa. Mahali hapa palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mwamba wa matumbawe uliobaki mtupu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti ya aina 26. Iliyostahimili vizuri kuliko yote ni mvinje, lakini majani yake, yale membamba kama sindano, hayakuwa yakioza upesi. Akaletwa jongoo, akayala, kinyesi chake kikawa mwanzo wa udongo. Udongo huo bado ni mwembamba. Jiwe huchomoza, na majani ya mvinje yaliyokauka huteleza, hasa kukiwa na umande au baada ya manyunyu. Basi ndara na viatu vya kisigino vibaki nyumbani. Mkongojo wa mzee uwe na mpira chini, na mpira huo ukaguliwe, maana ukilika katikati hauna tofauti na mti mtupu. Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo hukwama na kumchosha anayekisukuma. Leso ya kumbeba mgongoni ni bora, na mbili ni bora zaidi kwa sababu moja hulowa. Kiti cha magurudumu hupita kwenye njia kuu, ila apewe kijana mwenye nguvu wa kukisukuma, na kwenye mteremko ashuke kinyumenyume huku akikizuia, ili aliyekaa asimwagikie mbele.

Jongoo mwenyewe mtamkuta njiani, mweusi mwenye miguu mingi myekundu, na mtoto atataka kumwokota. Hana sumu ya kuua, lakini akishikwa hutoa majimaji yanayowasha ngozi na kuchoma macho. Mfundisheni mtoto kutazama bila kushika. Akishashika, aoshwe mikono kwa sabuni kabla hajajifuta uso.

Maji: kwa matembezi ya saa nne hesabuni lita moja na nusu kwa kila mtu mzima na nusu lita hadi lita moja kwa kila mtoto. Familia ya watu wazima sita na watoto wanne yahitaji kama lita kumi na mbili za kunywa. Ongezeni dumu la lita tano la kunawa mikono na kutawadhia. Huo ni mzigo wa kilo kumi na saba, na ukipewa mtu mmoja ataukimbia, kwa hiyo ugawanywe kwenye mifuko ya mgongoni ya vijana wanne. Mwenye ugonjwa wa moyo aliyewekewa kiwango cha maji na daktari afuate kiwango chake. Wazee wengi huacha kunywa maji kwa kuogopa kutafuta choo, na wengine huruka kidonge cha presha kinachokojoesha. Hayo mawili kwenye joto la Mombasa ni hatari kweli. Dawa isirukwe bila neno la daktari. Dawa ya hofu hiyo ni kumwonyesha mzee choo kilipo mara tu mnapoingia, na kumpeleka kabla hajasema.

Mwenye kisukari ale kwa saa yake, hata kama wengine hawajaona njaa. Mkobani mwake kuwe na sukari vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyofungwa kwenye karatasi, au juisi ndogo. Akitokwa na jasho baridi, akitetemeka au maneno yakianza kumchanganyika, apewe upesi maadamu anaweza kumeza, na baadaye apewe chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Insulini iwekwe kwenye themosi yenye maji ya baridi, ndani ya mfuko mkavu, isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani ni kuitupa.

Mtu akiona kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma kwa joto, mkalisheni kivulini, mlegezeeni nguo, lowesheni kichwa, shingo na makwapa, mmpepee. Akianza kuchanganyikiwa, msingoje apoe, mpelekeni hospitali. Kwa mtoto anayehara au kutapika, maji ya chumvi na sukari yatengenezwe kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu. Chumvi ikizidi hudhuru, kwa hiyo pimeni hivyo nyumbani na kubeba kwenye kikaratasi.

Chakula cha matembezi si chakula cha karamu. Mbaazi za nazi, wali wa nazi na mchuzi wa kuku vitapikwa alfajiri na kuliwa saa sita, na katika joto la zaidi ya nyuzi 32 chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa moja. Nazi huchacha kabla ya harufu kuonekana. Bebeni vinavyostahimili: mahamri, mkate wa mofa, viazi vya kuchemsha visivyomenywa, mayai ya kuchemsha yaliyo na maganda, ndizi, machungwa, tende, karanga. Sambusa ziwe za ndengu au viazi, si za nyama. Kaimati ziachwe, shira hulowesha kila kitu na huvuta nyuki na tumbili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, basi tumieni vikapu na vyombo vyenye vifuniko, na mrudi na taka zenu.

Tumbili ndio mtihani wa chakula. Wanajua mlio wa karatasi ya biskuti. Msile mkitembea, na watoto wasishike ndizi wazi. Fungueni chombo kimoja kwa wakati, watu wazima wakae nje ya duara na watoto ndani, na anayemlinda nyanya asiwe yule yule anayegawa chakula. Tumbili akishanyakua, mwacheni aende nacho. Anayejaribu kumpokonya ndiye anayeng'atwa. Kung'atwa au hata kukwaruzwa kunahitaji kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa hiki kikishaonyesha dalili hakina tiba, na ndiyo maana hatukubali ile hoja ya kwamba mkwaruzo ni mdogo.

Twiga ni mpole, na hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo si mng'ataji. Hatari yake ni kichwa, anachokizungusha ghafla kwa nguvu. Simameni upande, si chini ya shingo. Chakula kiwekwe kwenye kiganja kilichonyooshwa, naye atakizoa kwa ulimi wake wa karibu sentimita 45, wenye mate mengi. Mtoto ashikwe kiuno huku miguu yake ikiwa sakafuni. Kumwinua juu ya ukingo ili picha ipendeze ni jambo tunaloomba lisifanywe hata mara moja. Mtandio na leso zifungwe vizuri, miwani ivuliwe. Nyanya asiyeweza kupanda ngazi akae chini kivulini anapoona jukwaa, na mjukuu mmoja mkubwa akae naye. Asiachwe peke yake na mikoba ya watu wote.

Kobe wakubwa wa aina ya Aldabra hupendwa na watoto, nao huweza kubeba vijidudu vya salmonela kwenye gamba. Watoto wa chini ya miaka mitano na wazee ndio huugua zaidi, kwa hiyo sabuni itumike baada ya kuwagusa na kabla ya tende. Kwa mabwawa ya mamba na viboko, kanuni ni moja: hakuna anayeketi wala kuketishwa ukutani.

Watoto huenda wakiulizia kisa cha Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Disemba 2004, akaletwa hapa na kumganda kobe aitwaye Mzee. Wasimulieni, lakini msiwaahidi kuwaona wawili hao pamoja, kwani mwaka 2007 Owen alihamishiwa kwa kiboko jike, Cleo.

Kabla ya kuvuka geti, andikeni nambari ya simu ya mtu mzima kwa kalamu kwenye mkono wa ndani wa kila mtoto, na ya pili kwenye karatasi mfukoni mwa babu, maana wazee nao hupotea. Kila mtoto wa chini ya miaka saba awe na mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina. "Sote tunamwangalia" maana yake hakuna anayemwangalia. Chagueni mahali pa kukutania. Wanaoswali wabebe mswala na wapange zamu. Karibu na mabwawa kuna mbu, basi mpakeni kila mtu dawa ya mbu kwenye ngozi iliyo wazi, hasa mkikaa hadi jioni.

Zamu ya alasiri ikiwa ndiyo yenu, tokeni baada ya viboko, kabla msongamano wa magari kuelekea daraja la Nyali haujakaza. Wakati wa kuwaogesha watoto, wakagueni mikono na shingo. Mkwaruzo wa tumbili ambao mtoto alificha kwa kuogopa kugombezwa bado waoshwa dakika 15, na bado wapelekwa hospitali usiku huo.