Somo: Kuchora sanduku la bati la bweni

Wengi mmeniuliza ninavyochora vitu vya zamani: kikombe cha enameli, pasi ya mkaa, kibatari tunachokiita tadooba. Leo nachukua sanduku la bati, lile tulilokwenda nalo bweni. Hapa Uganda nyumba nyingi bado zinalo chini ya kitanda, limejaa vyeti au nguo za mtoto. Nikitundika picha yake, watu hawaisifii rangi. Wanasema, "Langu lilikuwa la buluu," kisha wanaanza kusimulia. Mimi huchorea masimulizi hayo.

Hatua ya 1: Tafuta sanduku lenyewe. Usilichore kwa kukumbuka tu, maana kichwani kila sanduku limenyooka. Kaa nalo, na mwulize aliyelitumia. Letu lilitoka kwa mafundi wa Katwe, Kampala. Kaka yangu alikwenda nalo sekondari, nami nikalirithi. Jina lake lilifunikwa kwa rangi nyeusi, langu likaandikwa juu kwa nyeupe. Lakini mwanga ukilipiga kwa ubavuni, herufi zake bado zinaonekana zimevimba chini ya zangu. Jambo kama hilo huwezi kulibuni, na bila hilo unachora sanduku la dukani.

Hatua ya 2: Penseli. Lijaze karatasi ya manila. Chora kila kibonyeo.

Hatua ya 3: Rangi nne, basi. Hapa ndipo wengi hukosea. Mabango na lebo za zamani zilikuwa na rangi chache kwa sababu kila rangi ilihitaji bamba lake, na karatasi ilipita mashineni upya kwa kila moja. Bamba likisogea kidogo, kingo hazikutani: unabaki uzi mweupe, au rangi mbili zinapandana. Jicho letu limezoea kasoro hiyo, nami huiacha makusudi. Natumia buluu iliyokolea, nyekundu ya tofali, manjano na nyeusi. Nyeupe ni karatasi yenyewe.

Tafadhali msimwagie kila picha chai ya rangi ili ionekane kuukuu. Uzee una aina zake. Picha nyingi za rangi zilizopigwa kwa kamera miaka ya 1970 zimegeuka wekundu kwa sababu rangi yake ya samawati hufifia mapema. Zile za nyeusi na nyeupe huelekea manjano. Amua unaiga uzee upi.

Hatua ya 4: Jina. Tumia brashi bapa na mkono wako, si herufi za kompyuta. Piga mistari miwili ya penseli, uanze kwa herufi pana. Jina likiwa refu, herufi za mwisho zitabanana ukingoni. Ziache zibanane! Ndivyo yalivyokuwa masanduku yetu.

Hatua ya 5: Kutu. Iweke inapotokea kweli: pembeni, kwenye bawaba, pale kufuli lilipogonga, na chini lilipoburutwa sakafuni. Sponji kavu yenye rangi kidogo yatosha.

Maswali ya wanachama (nawataja kwa miji yao)

*Mbale:* Mwalimu, sisi tuliozaliwa baada ya 2000 tuchore nini?

Jerikeni ya manjano iliyokuja na mafuta ya kupikia, ikaishia kisimani. Simu ya vitufe yenye tochi. Chora kilichopita mikononi mwako. Usiazime utoto wa mama yako.

*Arua:* Dada, baba yangu anaikumbuka miaka ya 1970 kwa hofu. Je, hatuupambi uchungu?

Swali hili nimelala nalo. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za enzi ya Idi Amin zilizotoka katika hifadhi ya shirika la utangazaji, UBC. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali, hivyo zinaonyesha zaidi kile serikali ilichotaka kionekane. Picha yaweza kupendeza na bado ikaficha. Kwa hiyo anza na baba. Akikwambia sanduku ndilo walilokimbia nalo, lichore liko wazi, limepakiwa nusu. Akikataa kulizungumzia, chora kitu kingine.

*Jinja:* Naweza kuuza picha yenye nembo ya kampuni?

Usiuze bila ruhusa yao. Achana na nembo, chora kitu chenyewe.

*Masaka:* Sponji yangu inaacha madoa makubwa ya kutu.

Ina rangi nyingi mno. Igongeshe kwanza kwenye gazeti mpaka ikaribie kutoacha alama, ndipo uguse picha.

*Mbale tena:* Kaka yako ameiona picha?

Aliiona Pasaka. Aliitazama muda mrefu, akasema kufuli lake halikukaa pale. Komeo lilihamishwa kabla sijalirithi, na matundu ya zamani yamezibwa kwa bati upande wa kushoto. Nilikwenda kulitazama tena, nikayakuta. Naichora upya wiki hii.