Kabla Hujakodi GPU: Kuingiza Akili Unde Kwenye Wingu la Kampuni Bila Kushindwa na Bili

Amazon walipoanza kukodisha hifadhi na seva mwaka 2006, hesabu ya wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, ilikuwa rahisi: seva imewaka saa ngapi, umehifadhi gigabaiti ngapi. Hesabu hiyo bado ipo, ila tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022 imeongezewa mistari miwili ambayo wahasibu wengi hawajaizoea. Mmoja ni tokeni, yaani vipande vya maneno vinavyoingia na kutoka kwenye modeli, ile programu iliyofunzwa inayotoa majibu. Wa pili ni saa za GPU, kadi za kompyuta zenye nguvu zinazoendesha modeli hizo. Microsoft walizindua rasmi Azure OpenAI, huduma ya modeli kwenye wingu lao la Azure, Januari 2023, Amazon wakafuata na yao, Bedrock, Septemba mwaka huohuo, na leo hufungui dashibodi ya wingu lolote kubwa bila kukutana na kitufe kinachokushawishi ujaribu akili unde (AI).

Mwongozo huu ni wa mtu anayeshika funguo za wingu la kampuni ya wastani na ambaye wakubwa wamemwambia "nasi tuwe na AI". Msimamo wangu nautoa mapema: anza na bili, malizia na GPU, na wengi wenu hamtafika huko mwisho. Wanaoanza na GPU ndio wanaoniita baadaye nikawazimie mashine.

Nitatumia mfano wa kubuni: msambazaji wa vifaa vya ujenzi mwenye makao Dar es Salaam na matawi Arusha na Mombasa. Kila siku matawi yanatuma picha za hati za kupokelea mali zilizopigwa kwa simu, na karani anazinakili kwa mkono kwenye mfumo.

Hatua ya 1: Isome bili uliyonayo

Achana na ile PDF ya mwisho wa mwezi. Pakua ripoti ya matumizi ya kina, ile yenye maelfu ya mistari, uifungue kwenye jedwali na kuipanga kwa huduma. Kisha weka lebo kwenye kila rasilimali: idara, mradi, ni ya majaribio au ya kazi halisi, na jina la mwenye nayo. Kwa Amazon, lebo hizo lazima uziwashe pia kwenye ukurasa wa malipo, la sivyo hazitaonekana kwenye ripoti.

Utakuta vitu vilivyosahaulika. Diski ambazo seva zake zilishafutwa, chelezo (nakala za akiba) za miaka iliyopita, anwani za IP (namba za kutambulisha mashine mtandaoni) zisizo na kazi. Tangu Februari 2024 Amazon wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4, ile aina ya zamani ya IP, ya umma, hata ikiwa inatumika. Kwa mwezi wenye saa 730 hiyo ni kama dola 3.65 kwa anwani moja. Halafu kuna seva za majaribio zinazowaka usiku kucha. Saa 8 kwa siku 22 za kazi ni saa 176, chini ya robo ya mwezi mzima. Ukizizima jioni kwa ratiba, mara nyingi umeshapata fedha za kujaribia akili unde bila kumwomba mtu senti.

Bajeti iandike kwa dola, shilingi ikae safu ya pembeni. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160 za Kenya, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Ukiripoti kwa shilingi peke yake, mkurugenzi atakupongeza kwa kupunguza gharama ambazo hukuzigusa.

Hatua ya 2: Chagua kazi moja na uitengenezee mtihani

Hapa ndipo miradi mingi inapofia. "Roboti ya kujibu wateja" si kazi, ni ndoto. Kazi ni hii: soma picha ya hati ya kupokelea mali, toa jina la mzabuni, tarehe, bidhaa, idadi na bei. Ina mwanzo na mwisho, na jibu lake ni sahihi au si sahihi.

Sasa kusanya hati halisi 150 au 200. Usichague nzurinzuri. Chukua iliyopigwa picha ndani ya gari, yenye mwandiko wa kalamu juu ya chapa, iliyolowa mvua, ile ambayo saruji imeandikwa "cement" mstari mmoja na "simenti" mstari unaofuata. Mkalishe mtu wa hesabu azijaze majibu sahihi kwa mkono kwenye jedwali. Ni kazi ya kuchosha na hakuna atakayekushukuru, lakini jedwali hilo ndilo mali yako kuu katika mradi mzima. Kila modeli utakayoijaribu itafanya mtihani uleule, nawe utahesabu sehemu ngapi imepata. Muuzaji akija na maonyesho yake ya kuvutia, mpe hati zako na umwombe akuonyeshe alama.

Hesabu makosa kwa uzito wake. Modeli ikikosea herufi moja ya jina la mzabuni, mtu ataona. Ikisoma mifuko 60 ikaandika 600, stoo yako imeharibika. Kwa hiyo alama za idadi na bei zihesabu kando na nyingine, na amua mapema kiwango gani kinatosha. Mwulize na karani: yeye mwenyewe hukosea mara ngapi? Kipimo hicho ndicho utakacholinganishia, kwa sababu hata yeye hapati zote.

Hatua ya 3: Jua data inakwenda wapi

Kenya na Uganda zina sheria za kulinda data binafsi za mwaka 2019, Rwanda ya mwaka 2021, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, ikiwa na tume yake. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa kampuni yenye matawi Arusha na Mombasa, hizo tayari ni sheria mbili. Mwite mwanasheria mapema, kabla mkataba haujasainiwa.

Kituo cha data cha wingu kubwa kilicho karibu nasi kiko Afrika Kusini. Microsoft walifungua kanda yao, yaani kundi la vituo vya data, huko mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, Google wakafungua Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Kuna mtego hapa: kanda kuwepo hakuna maana kwamba modeli unayoitaka inaendeshwa humo. Modeli mpya huanza Marekani na Ulaya, na Azure na Amazon wote wana mipangilio inayoruhusu ombi lako lichakatwe kwenye kanda nyingine yenye nafasi. Hifadhidata yako inaweza kulala Cape Town huku kila picha ikisafiri kwenda bara jingine kusomwa. Fungua orodha ya modeli kwa kanda na usome aina ya usambazaji uliyochagua, mstari kwa mstari.

Halafu punguza unachotuma. Modeli haihitaji namba ya simu ya mteja wala ya kitambulisho ili ijue ni mabati mangapi yamepokelewa. Kata sehemu hiyo ya picha kabla haijaondoka kwenye mfumo wako. Na wakati huo huo waandikie wafanyakazi kwamba nyaraka za kampuni hazibandikwi kwenye akaunti zao binafsi za AI, maana masharti ya akaunti ya bure si yale ya mkataba wa biashara.

Hatua ya 4: Pitia API kwanza, ukiwa na kikokotoo

API ni mlango ambao programu yako inaupitia kutuma kazi kwa modeli ya mtoa huduma, nawe unalipia tokeni. Piga hesabu kabla ya kuandika msimbo. Tuseme matawi yote yanatuma hati 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: hati 15,600. Kila hati inaingiza tokeni 2,000, maelekezo yako yakiwemo, na inatoa tokeni 300. Hiyo ni tokeni milioni 31.2 za kuingia na milioni 4.68 za kutoka. Kwa bei ya mfano ya dola 1 kwa milioni ya kuingia na dola 4 kwa milioni ya kutoka, unapata dola 31.20 na dola 18.72, jumla dola 49.92 kwa mwezi. Sasa linganisha na GPU ndogo ya kukodi kwa bei ya mfano ya dola 1 kwa saa, inayowaka muda wote: dola 730. Badilisha bei uweke za siku hiyo na za mtoa huduma wako, lakini kwa kampuni ya ukubwa huu jibu huwa halibadiliki sana.

Jambo la kuangalia ni Kiswahili chenyewe. Programu zinazokata maneno kuwa tokeni zilifunzwa zaidi kwa Kiingereza, hivyo neno kama "tutakayowasilishiana" linakatwa vipande vingi, na kila kipande kinalipiwa. Usikisie. Pitisha maandishi yako mia moja kwenye kihesabio cha tokeni cha modeli husika ndipo ujaze hesabu ya juu.

Kuna njia mbili za kushusha bili bila kugusa ubora. Ya kwanza ni kutuma kwa mafungu: OpenAI na Anthropic wanatoa punguzo la asilimia 50 kwa kazi inayoweza kusubiri hadi saa 24, na hati za leo zinaweza kabisa kusomwa usiku. Dola 50 zetu zinakuwa 25. Ya pili ni kuweka maelekezo marefu yasiyobadilika mwanzoni mwa ombi ili mfumo uyakumbuke na kuyatoza kwa bei ya chini.

Ila tahadhari moja: tahadhari ya bajeti kwenye wingu kwa kawaida ni barua pepe tu. Haizimi chochote. Tengeneza ufunguo mmoja wa API kwa kila mradi, uweke kikomo cha matumizi pale mtoa huduma anaporuhusu, na usiuache kamwe ndani ya msimbo unaopakiwa mtandaoni.

Hatua ya 5: Modeli isishike kalamu ya kusaini

Mtindo wa sasa ni mawakala, programu za AI zinazopewa ruhusa ya kusoma barua pepe, kuagiza, hata kulipa. Mimi kwa fedha na stoo siwapi. Majibu ya modeli yaingie kwenye jedwali la "yanayosubiri", karani aone picha upande mmoja na takwimu upande wa pili, athibitishe au arekebishe. Akaunti inayotumiwa na modeli iwe na haki ya kusoma na kuandika kwenye jedwali hilo tu. Sababu si makosa peke yake: mtu mjanja anaweza kuandika ndani ya hati sentensi inayoielekeza modeli ibadilishe namba ya akaunti ya malipo, na modeli haina uwezo wa uhakika wa kutofautisha maelekezo yako na maneno ya mgeni.

Marekebisho ya karani yahifadhi. Ndiyo mtihani wako wa mwezi ujao.

Hatua ya 6: GPU, ikibidi

Inabidi pale ambapo data hairuhusiwi kutoka kabisa, au kazi ni nyingi na haikatiki mchana na usiku, kwa mfano kituo cha simu kinachonakili sauti. Anza na hesabu ya kumbukumbu. Modeli huria, yaani unayoweza kuipakua na kuiendesha mwenyewe, yenye vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 7 kwa baiti 2 kila kigezo inahitaji gigabaiti 14 kabla hujampa mtu wa kwanza kuitumia. Inaingia kwenye kadi ya Nvidia L4 yenye gigabaiti 24. Ukiibana hadi biti 4 kwa kila kigezo inashuka hadi karibu gigabaiti 3.5. Ya vigezo bilioni 70 bila kubanwa ni gigabaiti 140, yaani kadi mbili kubwa za Nvidia H100 za gigabaiti 80 kila moja, na hapo bajeti inazungumza lugha nyingine.

Omba nafasi mapema: akaunti mpya mara nyingi huwa na kikomo cha GPU sifuri, na maombi huchukua muda. Kwa kazi za usiku tumia mashine za ziada za bei nafuu (spot), zile ambazo mtoa huduma anaweza kukunyang'anya. Amazon wanatangaza punguzo la hadi asilimia 90, wakikupa onyo la dakika 2 kabla ya kuichukua. Google wanakupa sekunde 30. Kwa hiyo programu iandike ilipofikia kila baada ya hati chache.

Kununua mashine zenu wenyewe? 37signals, kampuni ya programu ya Marekani, walitangaza kuondoka kwenye wingu mwaka 2022 na wamelieleza jambo hilo hadharani, lakini mzigo wao ulikuwa unajulikana na hautikisiki. Wa kwako bado hujaujua.

Hatua ya 7: Kata intaneti ujionee

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania, Kenya na majirani wakakaa na intaneti ya kusuasua. Oktoba 20, 2025 hitilafu ya Amazon huko Virginia iliangusha huduma duniani kote. Jenga ukijua yote mawili yatarudi. Simu ya tawi ihifadhi picha na kuituma mtandao ukirudi. Maombi yapange foleni. Na mauzo yasiingoje modeli hata sekunde moja.

Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajajaa, zuia anwani ya API kwenye ukuta-moto (firewall) kwa saa moja. Kaa na karani wa stoo. Kama bado anapokea mzigo, anatoa bidhaa na kuchapa risiti, ondoa kizuizi uone foleni inavyojimaliza, kisha hesabu kama kuna hati iliyoingia mara mbili. Kama amekwama, usiongeze kazi ya pili kwenye modeli hadi hili litengenezwe.