Kuchagua programu ya bakapu kwa kompyuta ya nyumbani na NAS: anzia siku ya kurejesha

Dada mmoja mwenye steshenari aliniletea laptopu ambayo faili zake zote zilikuwa zimefungwa na virusi vya kudai pesa. Hakuwa na wasiwasi sana, kwa sababu nyumbani alikuwa na NAS (kisanduku cha kuhifadhi faili kinachounganishwa na mtandao wa nyumbani) ya diski mbili na programu iliyopeleka kazi zake huko kila usiku. Tulipofungua NAS tukakuta yaleyale: mikataba, picha za wateja, mahesabu ya miaka minne, hakuna hata moja iliyofunguka. Programu ile ilikuwa ya kuoanisha folda mbili zifanane. Faili mbovu za laptopu zilikwenda kufuta zile nzima. Zile diski mbili nazo hazikumsaidia, maana zinaandika kitu kilekile kwa wakati mmoja. Kazi yake ni kukuvusha diski moja ikifa.

Tangu siku ile, kabla sijataja jina la programu yoyote namuuliza mteja: mashine ikifa leo, unataka kurudishiwa nini, na unaweza kungoja muda gani?

Hatua ya 1: Andika majibu hayo kwenye karatasi

Kama unachohitaji ni picha na nyaraka tu, programu ya kunakili faili inakutosha. Kama unataka mashine irudi kama ilivyokuwa jana, pamoja na Windows, printa na programu ya hesabu iliyokutesa kuisakinisha, tafuta inayonakili diski nzima.

Hatua ya 2: Chagua programu

Mwenye Mac asihangaike. Time Machine imo ndani tayari na inaandika kwenye NAS nyingi. Inatunza nakala za kila saa kwa saa 24, za kila siku kwa mwezi, kisha za kila wiki.

Kwa Windows, mimi hupenda Veeam Agent, toleo la bure. Inanakili diski nzima kwenda kwenye folda ya mtandao, na ukitaka faili moja tu unaweza kuitoa humo humo. Ukiwa na NAS ya Synology, angalia kama modeli yako inaruhusu programu yao ya bakapu, Active Backup for Business. Haina ada, na bakapu zote unazisimamia kutoka kwenye NAS yenyewe. Hakikisha kabla ya kununua, kwa sababu si kila modeli inaikubali. Kwa faili peke yake, Duplicati ni ya bure, inatunza matoleo ya nyuma na inafunga nakala kwa nywila.

Yoyote utakayochagua, kama haitunzi matoleo ya nyuma, iache. Nyumbani naweka siku 30, maana uharibifu mwingine unaugundua wiki tatu baadaye.

Hatua ya 3: Tengeneza mlango wa bakapu peke yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo ningependa utulie. Ukiiweka folda ya NAS ionekane kwenye Windows kama diski Z, kirusi kitakachoingia nacho kitaiona Z na kuifunga. Kwa hiyo:

Ingia kwenye NAS, unda mtumiaji mpya, mwite "bakapu", mpe nywila ndefu isiyotumika kwingine. Unda folda moja, ruhusu mtumiaji huyo tu kuiandika. Akaunti yako ya kila siku isiifikie kabisa. Kisha iandike nywila hiyo ndani ya programu ya bakapu, si kwenye Windows. Kama NAS yako ina snapshoti (picha za hali ya folda ilivyokuwa wakati fulani), ziwashe kwa folda hiyo, ili hata nakala zikifutwa uweze kurudi nyuma.

Na usiifungulie NAS njia ya kufikiwa moja kwa moja kutoka intaneti. Januari 2022 virusi vya DeadBolt vilifunga NAS nyingi za QNAP zilizokuwa zimeachwa wazi hivyo.

Hatua ya 4: Bakapu ya kwanza ipite kwenye waya

Fungua mipangilio ya mtandao usome kasi ya kiungo. Ikisema 1000 (megabiti kwa sekunde), GB 300 zinaweza kupita kwa takriban dakika 45, diski zako zikiwa na mwendo. Ikisema 100, ni zaidi ya saa saba. Mara nyingi mchawi ni kichwa cha waya kilichobanwa vibaya: kasi ya 100 inatumia nyaya nne tu, ya 1000 inahitaji zote nane. Badilisha waya kabla ya kulaumu programu. NAS nayo ikae kwenye UPS (betri ya akiba), na uziunganishe kwa USB ili umeme ukikatika izime yenyewe taratibu.

Hatua ya 5: Nakala nyingine itoke nje ya nyumba

Mwizi akibeba kompyuta atabeba na NAS. Kupandisha GB 300 mtandaoni kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni siku tano na nusu bila kupumzika, achilia mbali bando. Kwangu nina diski mbili za nje: moja iko kwa mama, nyingine naijaza kutoka NAS, na kila mwisho wa mwezi nazibadilishana.

Hatua ya 6: Rejesha, kabla hujahitaji kurejesha

Rudisha faili moja ya wiki iliyopita kwenye folda tupu, uifungue uisome. Halafu tengeneza flashi ya kuokolea, washa kompyuta kwa flashi hiyo, uone kama inaitambua kadi ya mtandao na kuzifikia nakala zilizoko NAS. Nimewahi kukuta flashi isiyoijua kadi ya mtandao ya laptopu mpya. Tulitengeneza nyingine tukiongeza draiva (programu ndogo ya kuendesha kadi hiyo), kazi ya nusu saa kwa sababu mashine ilikuwa bado nzima. Ukifika hapo, andika kwenye karatasi nywila ya bakapu na ile namba ya kufungulia diski iliyofungwa na BitLocker ya Windows, yenye tarakimu 48, uiweke pamoja na diski iliyoko kwa mama.